Abee ya Wardah

Kiti kilikuwa kimebaki kimoja, na Wardah alikitaka kwa roho yake yote. Timu ya saiba ya Mbeyu, duka la kompyuta na mtandao pale Magogoni, ilikuwa ya watu wanne, na mwezi uliofuata ingevuka kwenda Likoni kushindana kwa gemu na vijana wa huko. Watatu walishajulikana. Wa nne, nahodha Talha alimtaka binamu yake Mansur, kijana mzuri tu, hana kosa ila kucheza vibaya.

Wardah alikuwa mfanyakazi wa hapo hapo saiba. Asubuhi aliwachapia watu fomu na barua za kuomba kazi. Mchana, wateja wakipungua, alikaa kwenye kompyuta ya pembeni, akavaa hedifoni juu ya mtandio, akacheza. Miaka miwili hiyo. Wale vijana walimwona kila siku na hawakumwona hata siku moja. Wakimwita, basi wataka karatasi au kebo.

Gemu yenyewe iliitwa Ngome ya Vivuli. Mnacheza wawili, kila mmoja ana taa yake juu ya mnara, na mwenye kuizima ya mwenzake, au kumwangusha mwenyewe, ndiye mshindi. Talha siku zote alikuwa jitu la chuma, nyundo mkononi, akitembea na sakafu yatetemeka. Wardah alichagua kuwa kivuli: mtu mdogo, hana ngao, pigo moja kesha kwisha, lakini akikaa gizani na akaenda polepole haonekani kabisa. Vijana walimdharau kivuli kwa kuwa hawakujua kumtumia. Walikwenda naye mbio, kisha wakashangaa wameonekana vipi. Walimpiga mlinzi wa kwanza waliyemkuta, na kivuli akishapiga tu, giza lake lamvuka, yu wazi mbele ya kila mtu.

Wardah alikuwa na subira naye. Hakukanyaga maji, maana nyayo hubaki sakafuni. Alizima mwenge mmoja, akangoja mlinzi aje kuuwasha, akampita nyuma ya mgongo. Hatari yake ilikuwa moja, kwamba gemu ile husikia. Ukisema neno kwenye maiki, sauti yako hutokea pale pale uliposimama, na adui huisikia kwenye hedifoni zake, akajua uko kushoto au kulia, juu au chini.

Talha alisema mbele ya watu kuwa kujificha si kucheza, ni woga. Wardah akamjibu kwamba kama ni woga, basi na amshinde huyo mwoga, na akishindwa yeye, kiti kisiwe cha Mansur tena. Mbeyu, mwenye saiba, mama wa Kigiriama asiyependa maneno mengi, akasema ni sawa, Jumamosi baada ya adhuhuri wakae wacheze.

Talha hakuwa mjinga. Alijua mtu asiyeonekana hatafutwi, akasimama kando ya taa yake asibanduke. Wardah akaingia ngomeni, akavuka ua, akapanda ngazi za mnara kidato kwa kidato, hata zikabaki hatua tatu. Na hapo Talha, ambaye nyumba yao na ya kina Wardah ni ukuta mmoja, akabana pua, akaita vile vile anavyoita Bibi Mwanatumu, bibi yake Wardah, kila siku ya Mungu:

"We Wardah!"

"Abee!"

Lilimtoka lenyewe. Jamani, mtoto tangu ana miaka mitatu akiitwa yuaitika, tena mara ya kwanza, tena "abee" wala si "nini" wala si "eh", atalizuia vipi? Nyundo ikashuka, kivuli akalala chini.

Saiba nzima ilicheka hadi watu wa dukani jirani wakaja kuuliza kuna nini. Kuanzia siku hiyo jina likawa hilo. Abee, nipe karatasi. Abee, mtandao umekatika. Hata Mansur, ambaye hakujua kucheza, alijua kucheka. Wardah alirudi nyumbani akalia, na kilichomliza zaidi ni kwamba walikuwa wakicheka adabu yake, kitu alichofunzwa na bibi yake kwa miaka yote ile, kana kwamba ni kilema.

Akaamua kuiacha, atajifunza kunyamaza. Jumatatu bibi akamwita, akauma ulimi. Bibi akaita mara ya pili, ya tatu, kisha akaja mwenyewe na bakora yake kumuuliza kama amekuwa kiziwi au amekuwa mkubwa. Wardah alikoma. Kuacha kuitika kulimshinda.

Jumatano alikuwa uani akianika nguo, bibi akaita kutoka barazani. "Abee," akaitika, na papo hapo akakumbuka wali uko motoni, akaingia jikoni kwa mlango wa pembeni. Bibi akaja uani. Akazunguka kamba za nguo, akainua shuka, akachungulia nyuma ya pipa la maji.

"Nimekwita umeitika huku," alinung'unika. "Sasa u wapi?"

Wardah alikuwa dirishani na mwiko mkononi, akiutazama mgongo wa bibi yake. Alisimama vivyo hivyo mpaka wali ukaungua.

Kesho yake alimwendea Talha mbele ya watu wote. Akamwambia hakulalamika alipoitwa, wala halalamiki sasa. Anataka warudie Jumamosi, kwa kiti kile kile, na amwite apendavyo. Talha akacheka, akasema hata mara kumi. Mbeyu aliitikia kwa kichwa tu.

Jumamosi watu walijaa mpaka mlangoni. Wardah akaingia ngomeni, akavuka ua, lakini safari hii hakupanda. Alijibanza kando ya kisima, chini ya mnara wa Talha, akatulia. Ikapita dakika, zikapita tano. Jitu la chuma limekaa na taa yake, halitoki.

Talha akachoka kungoja. "We Wardah!" aliita. Akaita tena, na mara ya tatu akanogesha: "Mbona hwitiki, we mwana?" Watu wakaanza kucheka. Wardah aliiacha ile ya tatu iishe kabisa, kisha kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeponyokwa na neno, akasema:

"Abee."

"Kisimani!" alipiga kelele Talha, na jitu likashuka ngazi nyundo juu.

Wardah alikwisha kuondoka pale. Hatua nne hadi chini ya ngazi, mgongo ukutani, na katika hatua zote nne hakukimbia, ijapokuwa vidole vilimwasha vyataka kukimbia. Jitu likampita karibu hata likajaza skrini nzima. Wallahi, alitamani kulipiga. Alilikumbuka kila Abee la wiki ile. Lakini angepiga angeonekana, na pigo moja haliui jitu, basi akaliacha lipite. Talha alikuwa akikibomoa kisima jiwe kwa jiwe wakati Wardah alipopanda, akaikuta taa haina mlinzi, akaizima.

Skrini ya Talha ikawa nyeusi. Wa kwanza kucheka alikuwa Mansur. Talha akavua hedifoni, akasema huo ni ulaghai, amejifanya kuponyokwa.

Wardah akamgeukia. "Uliniita, nikaitika," alisema. "Kosa langu liko wapi?"

Mbeyu akachukua kalamu, akaenda kwenye ubao ambapo majina matatu ya timu yalikuwa yameandikwa, kila mtu kwa jina lake la gemu, simba huyu, radi yule. Akamuuliza Wardah amwandike nani.

"Niandike Abee."

Talha akasema jamani, hilo jina wa Likoni watalichekea.

"Wacha wacheke," alisema Wardah. "Na waniite. Mimi nitaitika kila mara. Kunipata nilipo ndiyo kazi yao."

Mbeyu akaliandika kwa herufi kubwa.