Meza ya Madamu Odile

Mimi nilishasema toka siku ya kwanza: meza yenye matundu si meza. Nani anisikilize? Kaka yangu Hud alikuwa kapumbazwa na Madamu Odile, Mfaransa aliyekabidhiwa nyumba ya babu yetu hapa Ibra, Oman, aipambe iwe nyumba ya wageni.

Na si mtu mdogo huyo. Alianza kwa kusugua viti msasa katika karakana ya baba yake, Lyon, akapanda mpaka akawa anabuni samani za mahoteli ya Paris na kupamba majumba ya matajiri. Halafu mitindo ikageuka, na simu yake ikanyamaza. Aliniambia mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, kwamba hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Jarida kubwa la kwao linatuma wapiga picha, na picha ya jalada ni ya ile meza. Ikitoka, atarudi kazini. Isipotoka, basi tena.

Mbao zake alizinunua Nizwa kwa muuza vitu vya kale, nzito, zina matundu na mfereji katikati. Muuzaji akasema zamani zilitumika kuchujia asali ya tende. Hud akaitikia kama anajua. Mimi asali ya tende naijua ya chupa tu, nitabisha nini?

Siku ya picha ikafika. Meza imeng'arishwa, juu yake kahawa na sinia la halua, na mimi sina subira, nimeshatia mkono. Wapiga picha wako nje wanatoa vyombo vyao garini. Mama yetu, Bi Shaikha, ndiyo kwanza anaingia na fimbo yake.

"Shikamoo, mama," Odile akamwamkia, kama nilivyomfundisha.

Mama aliisogelea meza, akapitisha mkono mpaka kwenye pembe iliyozibwa kwa bati.

"Ahlam, nani kakwambieni mle juu ya hiki?"

"Meza hiyo, mama."

"Meza gani, weye! Hiki kitanda cha kuoshea maiti, cha msikiti wetu. Hapa nilimwosha baba yenu kwa mikono yangu, mwaka ule wa kimbunga."

Lahaula! Nikaitema halua kiganjani. Mwaka ule mimi na Hud tulikuwa Maskati, barabara zimekatika kwa mafuriko, hatukumuwahi baba. Baadaye ikajengwa maghsala mpya ya marmari, maiti wote wakawa wanaoshwa huko, na hiki cha mbao labda ndipo kilipouzwa. Kitanda ningekijulia wapi? Hud, aliyekuwa kasimama kando yangu, alikaa chini palepale, mikono kichwani, anasema, "Yarabi toba, Yarabi toba." Nikamfasiria Odile.

"Mbona kimekuwa kifupi?" Mama akauliza, na hilo nalo nikalifasiri.

Odile akajibu kwa sauti ndogo kwamba alikata ncha moja, meza ipate kuenea baina ya nguzo mbili. Mlangoni mpiga picha akagonga, mwanga unawakimbia.

Mama akanipa fimbo. Akaondoa sinia, akavua ndara, akapanda juu. Nilipiga ukelele.

"Mama, teremka! Uchuro huo!"

"Nyamaza!" Akajilaza chali, buibui lake akalivuta vizuri miguuni. "Nataka nioshwe hapa alipooshwa yeye. Haya, tazama, naenea?"

Haenei. Nyayo zake zilitokeza nje, zinaning'inia.

Odile hakungoja tafsiri. Alikwenda mlangoni, akasema nao Kifaransa maneno machache. Mmoja akafoka, akamtajia jarida, nadhani, na jalada. Odile akaufunga mlango. Tukasikia gari linaondoka. Akarudi, akapiga magoti, akapima kutoka ukingo wa mbao mpaka visigino vya mama.

"Mwambie nitakiunga," akaniambia, machozi yanamdondoka. "Kipande nilichokikata ninacho."

Nikamwambia. Mama hata macho hakufumbua.

"Basi asikawie," akasema.