Vidonge Sita Kwenye Kopo la Vifungo

Nilikuwa nyumbani katikati ya muhula kwa sababu ya vidole vya miguu. Nitaeleza kwa heshima zote. Nilibandika tangazo kwenye ubao wa shule yetu ya bweni, lenye muhuri niliouchonga mwenyewe kwenye kiazi, kwamba asubuhi ya Jumatano kungekuwa na Ukaguzi Mkuu wa Vidole vya Miguu. Wanafunzi mia mbili na arobaini wakapanga mstari uwanjani, viatu mkononi. Hilo lingesameheka. Kilichoniponza ni kwamba mwalimu wa nidhamu naye alivua soksi. Nikapewa wiki mbili za kwenda nyumbani kutafakari mwenendo wangu.

Niliutafakari nikiwa na bibi. Bibi, mzaa mama, ni fundi wa nguo, na sebule yetu ndiyo kiwanda chake: cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na sanamu ya kujaribishia magauni, isiyo na kichwa, ambayo bibi huiita Shemeji. Mama ni karani wa mahakama. Hutoka saa moja na nusu asubuhi na kurudi jioni, na hata ukimwambia mvua inanyesha hutoa mkono dirishani kutafuta ushahidi.

Moyo wa bibi hupiga bila mpangilio, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Daktari alishatueleza kwamba kwenye moyo wa namna hiyo damu huzubaa na kutengeneza donge, na donge likisafiri hadi kichwani huziba mshipa, mtu akapata kiharusi. Kwa hiyo bibi alipewa dawa ya kuzuia damu isigande: kidonge saa moja asubuhi, kingine saa moja jioni. Kila Ijumaa mama alivipanga vya wiki nzima kwenye kisanduku chenye vijumba kumi na vinne, na kila zamu alikagua kama kijumba ni kitupu. Kikiwa kitupu, bibi amekunywa. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba.

Jumamosi asubuhi bibi alikunywa kidonge chake, akaketi kushona kwa mkono gauni la harusi la binti wa mwoka mikate. Hariri nyeupe pe. Sindano ikamchoma. Kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole yeye hukiita kofia ya waoga, hakivai. Zamani angenyonya kidole na kuendelea. Sasa damu ilitoka, ikatoka, ikadondoka kifuani mwa gauni. Tuliifuta kwa maji baridi, kisha bibi akalitemea mate doa lenyewe, maana mafundi husema mate ya mwenye damu ndiyo yanayoiondoa. Ilitoka, lakini ilituchukua saa nzima.

"Mke mwenzangu," akasema. Huniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa marehemu babu alikuwa akiniita mchumba. "Unajua kutunza siri?"

"Bibi, mimi ni kaburi lenye kufuli."

"Kaburi lenyewe limefukuzwa shule."

"Limepewa nafasi ya kutafakari."

"Haya, litafakari na hili. Dawa hizi zinanifanya nivuje kama paa bovu. Gauni linachukuliwa Jumatano. Nazipumzisha mpaka hapo, kisha narudi kwenye mstari. Ila mama yako akikuta kidonge kijumbani, atanihukumu kabla ya chai."

Nikaona heshima iliyoje, kuajiriwa na mzee kama huyu. Kuanzia jioni ile, kila zamu ilipofika nilikitoa kidonge kisandukuni na kukitia kwenye kopo la vifungo. Mama alikagua, akakuta patupu, akaridhika. Bibi alinikonyeza juu ya kikombe cha chai. Sikuwa nimewahi kufanya utundu uliokwenda vizuri namna ile.

Jumanne tulikuwa wawili sebuleni. Mimi nilishika pindo, bibi alilishona. Sindano ikaanguka. Bibi akautazama mkono wake wa kulia kama mtu anayetazama mzigo wa mgeni, kisha akainua uso, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka.

Nikacheka.

Lazima niseme hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bibi ni bingwa wa kugeuza uso. Akimwigiza mchungaji wetu hata Shemeji angecheka. Nikamwambia, "Huyo ni nani tena?" Akajaribu kujibu, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake, na machozi yakaanza kumshuka. Bibi haigizi machozi. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na mbili.

Nilitoka mbio hadi kwa jirani muuza mayai. Alishusha trei mbili tu kutoka kwenye gari lake dogo, zilizobaki akaziacha zigongane na kupasuka zenyewe, tukampakia bibi. Njiani nilimpigia mama simu. Tulipofika hospitali naye alikuwa akishuka kwenye teksi, beji ya mahakama ikimning'inia mgongoni. Muuza mayai akarudi kwenda kufunga nyumba yetu, maana nilikuwa nimeiacha wazi hadi jikoni.

Bibi aliingizwa moja kwa moja kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Daktari alikuwa dada mmoja mwembamba, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Alituita pembeni ya kitanda na kusema haraka lakini waziwazi.

"Hakuna damu iliyomwagika kichwani. Ni donge limeziba mshipa. Ipo dawa ya kuliyeyusha, tunaipitisha kwenye mshipa wa mkono, na inafaa ikiwahi. Tukichelewa, mkono na usemi vinaweza visirudi. Lakini naona ana moyo wa kudunda ovyo. Anatumia dawa ya kuzuia damu kugandana?"

"Anatumia," mama akasema. "Na hajakosa hata kidonge kimoja. Cha mwisho ni leo saa moja."

Nilimwona daktari akishusha mabega.

"Basi siwezi kumpa. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini, anaweza kuvuja damu kichwani, na hiyo inaua. Ningehitaji ziwe zimepita saa arobaini na nane. Kipimo cha kujua ni dawa kiasi gani iliyobaki kwenye damu hatuna hapa. Nitaomba hospitali kubwa impokee, kule wanavuta donge kwa mrija. Ila ni mwendo wa saa saba."

Bibi alikuwa akinitazama. Mimi peke yangu, si mama wala daktari.

"Hajanywa," nikasema.

"Nyamaza," mama akasema, bila hata kugeuka. "Leo hapana, tafadhali."

"Mama, hajanywa tangu Jumamosi asubuhi."

"Kisanduku nimekiona mimi mwenyewe. Kitupu!"

"Nilikuwa nakimwaga mimi. Aliogopa kulichafua gauni kwa damu. Vidonge viko kwenye kopo la vifungo."

Sasa akageuka. Sijawahi kuona uso wa mama ukiwa hivyo, na Mungu anisaidie nisiuone tena. "Unaelewa unachosema? Kama huu ni mmoja wa michezo yako, watamchoma sindano, na bibi yako atakufa hapa hapa."

Nilikuwa nimewahi kudanganya shule nzima, nikaaminiwa na mwalimu wa nidhamu hadi kucha. Siku hiyo nilikuwa na ukweli mtupu, bila muhuri, na ulionekana dhaifu kuliko uongo wangu wowote. Nikaanza kulia kwa sauti mbaya, ya punda.

"Nani yuko nyumbani?" daktari akauliza.

Muuza mayai alipokea simu mlio wa kwanza. Daktari akaiweka kwenye spika.

"Mjomba," nikasema, "meza ya kukatia, kopo la bluu la vifungo. Mna vidonge humo?"

"Binti, hii si moja ya zile zako?"

"Mjomba, nakuomba!"

Tukasikia vifungo vikimwagika mezani, kisha kidole chake kikivitenga kimoja kimoja, na pumzi yake nzito. Akahesabu kwa sauti, kama anavyohesabu mayai. "Vya waridi… vitatu, vinne. Kimoja hiki kimejificha. Vitano. Na hiki. Sita. Vilivyobaki ni vifungo."

Daktari akakunja vidole vyake. Jumamosi jioni. Jumapili viwili. Jumatatu viwili. Leo asubuhi. Akamwinamia bibi na kuushika mkono wake wa kushoto, ule mzima.

"Bibi, mjukuu wako anasema hukunywa dawa tangu Jumamosi asubuhi. Kama ni kweli, nibane."

Bibi alimbana. Kisha akambana tena, kwa nguvu, kama mtu anayemharakisha mteja mzembe.

"Ni zaidi ya saa sabini," daktari akasema. "Majibu ya damu na figo ndiyo hayo yanaingia, na ni mazuri. Mama, hatari ya kuvuja bado ipo, ndogo, ila ipo kwa kila mtu anayepewa dawa hii. Neno lenu nalihitaji sasa."

Mama hakumwangalia daktari. Alinishika kidevu, akaniinua uso. Alinichunguza jinsi anavyochunguza sahihi kwenye hati, nami sikujua niweke wapi macho yangu, nikayaacha kwake.

"Namwamini," akasema. "Mpeni."

Dawa iliingia saa tano kasoro dakika kumi. Muuguzi alimpima bibi presha kila robo saa, akimmulika machoni kwa tochi, akimwambia ainue mkono. Mkono haukuinuka. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi moja bila kugusana.

"Ungeniambia," akasema baadaye.

"Ungemlazimisha anywe."

"Ndiyo, ningemlazimisha. Na huenda leo angekuwa anashona."

Daktari alipopita nilimuuliza kama ni mimi niliyemletea bibi ugonjwa. Hakunidanganya. Alisema kuacha dawa kwa siku tatu kunatosha kwa donge kupata nafasi, na mtu mzima aliyeamua kuiacha ni bibi, ila mimi nilimsaidia kuficha. Kisha akasema kuna familia huogopa aibu na kunyamaza, na yeye huwaangalia wagonjwa wao wakipoteza mkono akiwa na dawa kabatini. Akanipa karatasi ya kufutia pua, akaenda zake.

Saa saba mchana bibi aliinua mkono wa kulia hadi kifuani. Ulitetemeka na kuanguka. Muuguzi akamwambia arudie, akarudia. Mama alitoka nje ya wodi na nikamsikia akilia ukutani. Saa tisa likaja neno la kwanza, limechakaa kidogo pembeni lakini zima.

"Gauni."

"Bibi!" nikasema. "Unataka kutuua?"

Akafikiri kwa muda mrefu, akilitafuta neno kama anayetafuta uzi wa rangi fulani kwenye droo. "Pindo," akasema. "Bado."

Mama alimpigia mwoka mikate, na fundi wa mtaa wa pili akalimalizia. Bibi alipoelezwa alisema neno la nne, ambalo sitaliandika. Linamhusu huyo fundi wa mtaa wa pili.

Picha ya kesho yake haikuonyesha damu. Daktari alisema dawa ya kuzuia kuganda itarudi baada ya siku chache, yeye mwenyewe ataitaja siku, na kwamba fundi akichomwa na sindano abonyeze kidole na kusubiri, au avae kofia ya waoga. Bibi alitikisa kichwa kukubali, kwa unyenyekevu ulionitia wasiwasi. Maneno yalimjia polepole, mengine yakikataa kabisa, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vimekufa ganzi.

Siku ya tatu mama alirudi kutoka mahakamani jioni, kaishika pochi kifuani, akanikuta mlangoni mwa wodi na kikombe.

"Amekunywa uji?"

"Nusu. Ameshika kikombe mwenyewe, kwa vidole vitatu. Nusu nyingine imenywewa na shuka."

Mlango ulikuwa wazi na kitanda kilikuwa hatua nne tu. Mama hakuchungulia kutafuta ushahidi. Aliketi kwenye benchi, akavua viatu, akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.

"Haya," akasema. "Sasa niambie na mengine ya leo."