Kilo za Papa Ésaïe

Jumanne hiyo ya mvua Kasika alikuwa ndiyo kwanza amalize kupiga deki kituo cha afya, pale mjini Butembo, Kongo, wazee wawili wakaingia na matope. Walikuwa mtu na mkewe, ila sakafuni zilibaki nyayo za mtu mmoja, zimezama kwenye saruji kiasi cha unene wa kidole. Kasika alizifuta alivyoweza.

Papa Ésaïe alikuwa karani wa serikali, aliyeletwa kijiji cha Mabalako kutoka Kasai angali kijana. Mkewe, Mama Florentine, alikuwa mkulima wa hukohuko. Vita viliwatoa mwaka uliopita. Siku hiyo kila nyumba ilipewa kadi moja ya maziwa ya unga, ya yule aliye mgonjwa zaidi. Florentine alikuja amekusudia kusema habari ya magoti yake, kwa maana yalimtesa kupita kiasi.

Nadège, muuguzi, alishika fishi, karatasi ya kuandikia habari za wagonjwa.

"Papa, ulitumikaka wapi?"

"Ku bureau ya État, miaka makumi tatu. Mugongo imekwisha, mwanangu."

Akapanda mizani. Mshale haukutikisika. Nadège akamvua koti, akampima tena, akaandika sifuri.

"Na Mama? Kazi gani?"

"Sina kazi. Nalimaka tu."

"Na mwili, unasikia aje?"

Florentine akafungua mdomo. Asiye na kazi amechoshwa na nini? Aibu ikamshika.

"Niko muzima."

Alikuwa mwembamba, kipaji cha uso kimechimbwa na kamba ya kubebea kuni. Alipopanda mizani, mshale ulikwenda hadi kilo mia moja na nane.

"Unabeba kitu, Mama?"

"Nilibeba Papa wakati tulikimbia. Siku tatu, kamba ku kichwa."

"Na haukumutua?"

"Sikumbuki kama nilimutua."

Nadège akaitikia kwa kichwa. Mama yake mwenyewe, mara ya mwisho alipopimwa, alivunja mizani. Akaandika: Papa, mgonjwa, amechakazwa na kazi. Mama, mzima, mnene, hana kazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na fishi haikuwapinga.

Kadi ikawa ya Papa, na Florentine akafunga kopo la maziwa mgongoni.

"Enda polepole," Papa akasema. "Mugongo inaniuma. Wewe uko na bahati, Mama. Haukutumikaka."

Maneno hayo yalimuuma kuliko magoti. Wakatoka.

Kasika akarudi na tambara. Nyayo za kutoka zilikuwa zimezama zaidi kidogo, kwa ajili ya maziwa.