Pindo Lisilofunguka

Mama anayenunua sketi ya shule haangalii zipu wala vifungo. Anaigeuza, anabana pindo kwa kidole gumba na cha shahada, kisha anapima. Likijaa vidole vinne, uso unamchanua. Anajua mtoto akirefuka atalifumua, atalishusha, atalipiga pasi, na sketi itaonekana kama imenunuliwa jana. Pindo la vidole vinne ndilo lililoleta wateja kwenye karakana yetu. Wifi yangu, mwenye karakana, alipenda kusema, "Mimi siuzi sketi. Nauza mwaka wa pili."

Kwa hiyo asubuhi ile, aliponiwekea mezani rundo la vipande vyembamba vilivyochanwa kutoka kwenye mashuka ya zamani, sikuelewa.

"Hivi ndivyo tutakavyopinda sketi za shule," alisema.

Alichukua sketi moja, akakunja ukingo wake kidogo tu, kiasi cha ukucha, akashonea kipande cha shuka kwa ndani, akapitisha pasi. Ukilishika ni pindo nene, pana, limetulia. Vidole vinne kamili. Ila ukilifumua hakuna sketi ndani yake, kuna shuka tu.

"Na mwakani mzazi akilishusha?" nikauliza.

"Mwakani ni mwakani. Kitambaa kimepanda bei, wifi yangu, watu wanadhani kinaota uani. Bei nilishakubaliana na shule. Nikirudi kusema haitoshi, kazi inahamia kwa yule jamaa wa ng'ambo ya barabara kabla sijafika mlangoni. Unataka hivyo?"

Sikutaka. Mawifi wengine hukuletea maneno. Wangu aliniletea kazi. Nilipojifungua, kaka yake, yaani mume wangu, akiwa anazunguka kutafuta kibarua, yeye ndiye aliyenipa cherehani ya dirishani na kusema mtoto aje naye. Mwanangu alilala chini ya meza ya kukatia, ndani ya kapu la vitambaa laini, akizoea mlio wa cherehani kama watoto wengine wanavyozoea nyimbo.

Fundi Koti alikuwa ameinamia kazi yake. Tulimpa jina hilo kwa sababu havui koti hata jua lipasue mawe. "Mama mdogo, wewe kanyaga tu," aliniambia. "Sisi ni miguu ya cherehani. Mguu hauulizi nguo inakwenda wapi."

"Ndiyo maana unanuka soksi," Wifi akamjibu, na tukacheka wote.

Nikakanyaga. Nilizipinda, nikazikunja, nikazipanga. Zilipendeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Kila niliyoimaliza nilimwona mama mmoja kakaa mlangoni kwake na wembe, anafumua uzi wangu, na mtoto kasimama mbele yake akisubiri kuvaa. Kipande cha shuka kinadondoka. Mtoto anauliza, "Mama, mbona sketi haishuki?"

Mchana akaja mjumbe wa kamati ya wazazi kukagua kazi. Alikuwa muuza mboga, mwenye sauti ya kuita wateja hata akinong'ona. Hakukaa. Alichukua sketi ya juu kabisa, akaigeuza, akabana pindo.

"Aaa! Vidole vinne! Hapa ndipo ninapowapendea. Yule wa ng'ambo pindo lake hata sisimizi hawezi kujifunika." Akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa karibu. "Binti yangu anarefuka kama mchicha uliosahauliwa shambani. Hii itanivusha na mwakani, siyo, mama?"

Wifi alinikazia macho. Mguu wa Fundi Koti ulisimama. Nilikuwa na pini midomoni. Nikazitoa moja moja, polepole, nikitumaini mwingine atajibu.

"Hapana, dada," nikasema. "Pindo hilo halifunguki. Ndani ni shuka."

Akaligeuza tena, akachokonoa uzi kwa ukucha, akachungulia.

"Kumbe! Mnatuona mabwege?"

"Dada, ngoja kidogo," Wifi alianza.

"Ningoje nini? Mwakani?"

Wifi akanigeukia mimi. Sijawahi kuuona uso wake vile. "Chukua mtoto wako uende nyumbani."

Nikainama kulivuta kapu. Mwanangu akaamka na kuangua kilio, ikabidi nikae palepale sakafuni nimnyonyeshe. Kwa hiyo niliyasikia yote.

Wifi akaketi kwenye jora la kitambaa. "Sina cha kuficha tena. Majora ni haya unayoyaona, na watoto ni wengi. Nimekata kila namna, hayatoshi."

"Si ungekuja kusema?"

"Ningesema, mngemwita jamaa wa ng'ambo."

"Huenda," muuza mboga akasema. "Huenda tungemwita kweli, sikudanganyi. Lakini hata hujatujaribu." Bado alikuwa ameishika ile sketi, na sasa aliinyoosha mbele yake kwa hasira. "Na haya marinda yote ya nini? Kila asubuhi binti yangu anapigana na pasi mpaka anachelewa darasani."

"Hayo ndiyo yanayokula kitambaa," Fundi Koti akasema, bila kuinua kichwa. "Pindo linakula kidogo tu."

Wifi akamtazama. "Mbona hukusema?"

"Mtindo wa sketi ni wa shule, mama. Nani angekwenda kuomba ubadilishwe, nao wakauliza kwa nini?"

Wifi aliinuka. Akachukua chaki, akachora juu ya meza: mbele marinda mawili, nyuma kipande kimoja kilichonyooka. Akapima kwa shubiri, akafuta, akapima tena. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Inatosha," alisema mwishowe, kama mtu asiyeamini. "Pindo halisi, na inatosha. Lakini mimi siwezi kubadilisha mtindo wa shule."

"Basi twende kwa mwalimu mkuu. Sasa hivi. Na utamweleza wewe, kwa mdomo wako, kuanzia shuka."

"Kuanzia shuka?"

"Kuanzia shuka."

Wifi alijitupia mtandio. Alipofika mlangoni akasimama juu yangu. "Wewe bado upo?"

"Mtoto ananyonya."

"Akimaliza, basi."

Akimaliza niondoke, au akimaliza nirudi mezani? Sikuthubutu kumwuliza. Mtoto aliposhiba nilimfunga mgongoni, nikachukua wembe, nikaanza kufumua yale mapindo ya uongo.

"Nani kakutuma?" Fundi Koti akauliza.

"Hakuna."

"Hujalipwa kushona, unafumua bure. Kweli wewe msomi." Lakini alivuta kigoda, akajitwalia nusu ya rundo.

Wifi alirudi akiwa peke yake, mtandio umemteremkia begani.

"Amenisema," alisema. "Amenisema kama mtoto aliyekutwa juu ya ukuta wa shule. Walimu wawili wamesimama wanasikiliza."

"Na kazi?" Fundi Koti akauliza.

"Anataka kuona sketi ya mfano kesho. Akiipenda, kazi ni yetu, ila pindo la kila sketi litakaguliwa kwa ndani. Asipoipenda, ni ya jamaa wa ng'ambo." Akashusha pumzi. "Yule muuza mboga kanitetea. Sijui kwa nini. Kasema aliyekubali kutukanwa uso kwa uso hajashindikana."

Kisha akaliona rundo la vipande vya shuka miguuni petu.

"Wewe na mdomo wako," akaniambia.

"Ndiyo, wifi."

"Ungeniambia mimi kwanza."

"Nilikuuliza. Ulisema mwakani ni mwakani."

Fundi Koti akakohoa, akajishughulisha na uzi usio na tatizo lolote. Wifi alisogea nyuma yangu, akamrekebisha mtoto aliyekuwa ameteleza upande mmoja, akaikaza mbeleko begani kwangu.

"Hiyo ya mfano ikate wewe," alisema. "Mimi nitakushikia."

Nikatandaza kitambaa juu ya mchoro wa chaki. Yeye akashika upande wa pili, akauvuta mpaka ukanyooka, nami nikaingiza mkasi.