Unga wa Matofali Mabovu

Verdiane, binti wa wakulima wa Nyamitaba, alikuwa mwashi. Kwa miaka miwili alikusanya takataka za kiwanda cha matofali karibu na Kirotshe, yale yaliyovunjika au kuungua kupita kiasi yakatupwa kando ya ziwa. Aliyatwanga, akayachekecha mpaka yakawa laini kama unga wa muhogo, kisha akachanganya sehemu moja ya unga huo na nne za simenti. Tangi la kwanza la maji alimjengea jirani yake Drocella, mfugaji aliyeuza maziwa. Misimu miwili ya mvua ilipita, halikuvuja hata tone.

Habari zikamfikia Barthélemy, mkandarasi aliyepewa kazi ya kujenga tangi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kashuga. Alimwita Verdiane, akaandika kila alichosema juu ya kuchanganya zege.

"Papa, usigeuze kipimo. Na uchekeche vizuri. Ukiweka unga nyingi, beto itakufa."

"Kazi yangu naijua, dada."

Hakumwita tena. Siku moja Drocella alirudi kutoka kupeleka maziwa kambini, akasimulia kwamba mafundi wanamwaga vumbi la matofali kwa beleshi, vipande vikiwamo, na mifuko ya simenti inapakiwa kwenye gari kurudishwa Goma. Verdiane akaenda Kashuga. Mlinzi alimzuia langoni.

Wiki tatu baada ya tangi kujazwa, ukuta ulipasuka. Nyiransengimana, mama mmoja wa kambi, alikufa papo hapo. Drocella, aliyekuwa akimuuzia maziwa, alivunjika mkono.

Katika mkutano ulioitishwa kambini, Barthélemy alisimama. "Ile mchanganyiko iko ya Verdiane. Mimi nilimwamini tu."

Verdiane alieleza vipimo vyake. Hakuna aliyemuuliza swali.

Verdiane alipokwenda hospitalini kumwona, Drocella aligeukia ukuta.

"Tangi yangu haijavuja hata siku moja," alisema. "Lakini watu wanataka niibomoe. Nitaibomoa. Siwezi kuishi pale nikipingana na wote."

"Mama, ukweli unaujua."

"Njo maana naona haya kukuangalia."

Wanaume wanne walitumia siku tatu kulivunja tangi lile, na nyundo mbili zikakatika mipini.

Mwezi uliofuata shule moja ya Walikale ilimtuma mtu kuomba ushauri wake wa kujenga tangi. Verdiane alimsikiliza akiwa ameshika jembe, akamjibu kwamba amekosea nyumba, hapa wanalima maharage tu.