Sifuri za Jumapili

Mimi ni mtoto wa Kidugala, kijiji cha misheni, nimekulia kwenye kengele za kanisa, kwa hiyo sina pa kujificha.

Nilikuwa nafanya utafiti wa betri za kuhifadhi umeme. Katika zahanati moja upande wa Kichiwa nilimwachia Mama Ema, mhudumu na mzee wa kanisa, fomu za kuandika umeme unapokatika na unaporudi. Kwa miezi minne aliandika hadi dakika. Nilipozipokea ofisini Makambako nikakuta Jumapili zote ziko wazi. Ningeweza kumpigia simu. Lakini ripoti ilitakiwa kesho yake, nami ni mtu wa haraka zisizo na faida, nikazijaza sifuri zote kumi na saba, yaani umeme haukukatika. Kwa hesabu hiyo, betri ya saa nne ilitosha kabisa. Nikasifiwa, na betri hiyo ikafungwa pale zahanati.

Mafundi wa laini kwetu hupenda kukata umeme Jumapili ili watengeneze nguzo. Nilijua hilo tangu utotoni. Jumapili moja ya Novemba ukakatika asubuhi hadi jioni. Betri iliisha mchana, na chanjo zote za watoto zikaharibika kwenye friji.

Jumanne kamati ya zahanati ilikutana kuamua kama Mama Ema aondolewe kazi aliyoifanya miaka kumi na miwili, kwa kuficha ukweli kwenye fomu, maana ripoti ilionyesha sifuri Jumapili zote.

"Kamwene, mwanangu," Mama Ema alinisalimu mlangoni, akanipa kiti chake.

Mwenyekiti, Mzee Sadock, akamtaka ajieleze.

"Kosa ni langu," alisema Mama Ema. "Siku ya Bwana sishiki kalamu ya kazi. Nikadhani kijana wetu ataelewa, maana ni wa Kidugala. Mnisamehe. Na wewe mwanangu unisamehe, nimekuharibia utafiti."

Chumba kilikuwa kimya, na kimya kile kilinifaa. Naona aibu kusema kwamba nilikitumia. Nilikaa nacho mpaka Mzee Sadock akachukua kalamu kuandika jina la mama yule kwenye barua ya kumwondoa kazini. Ndipo nikasimama.

"Aliacha wazi," nikasema. "Sifuri niliziandika mimi. Sikumuuliza."

Mzee Sadock aliweka kalamu chini. Nilimtazama Mama Ema nikitegemea, kwa upumbavu wangu, kwamba atanishukuru. Akaliomba jedwali la ripoti yangu, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye Jumapili zile moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Siku hizi zote nilikuwa kanisani," alisema. "Tuliwaombea watu wa mradi. Wewe nilikutaja kwa jina."

Nilitamani anitukane. Alilikunja lile jedwali vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, kisha akaniuliza kwa upole, akiniita mgeni badala ya mwanangu, kama nimepata chai.