Gari Lililogoma Kila Ijumaa

Shemeji yangu Salah alifika Ijumaa asubuhi na mnunuzi. Mimi sikuwa nauza kitu, lakini mnunuzi alikuja, mzee Diriye wa Griftu, akaanza kulizunguka gari langu na kulipapasa ubavu kama ngamia wa mnadani.

Gari hilo marehemu mume wangu aliniachia kwa mdomo wake, Salah akiwa shahidi. Kila siku natoka Habaswein kupeleka maziwa ya ngamia Wajir. Lakini Ijumaa mbili mfululizo lilikataa kuwaka, maziwa yakaharibika, na wanawake wanaonikabidhi madumu yao wakanung'unika. Salah akatamka mbele yao: likigoma Ijumaa ya tatu, linauzwa, mjane hana haja ya gari. Na Ijumaa ya tatu, wallahi, nikabonyeza kitufe, kimya.

Fundi Bare alishabadilisha betri ya gari, haikusaidia. Sasa alitaka kushusha stata, mota ya kuwashia injini. Salah akasema gari lina jini anayeiheshimu Ijumaa kuliko mimi, watu wakacheka. Nilikasirika.

Nikamwambia Bare aweke spana chini. Nikapiga honi, mbuzi wakatawanyika. Nikawasha taa, zikawaka kali. Basi betri nzima, na stata ikifa haichagui siku. Nikakanyaga breki, nikatazama dashibodi: kialama cha ufunguo kilikuwa kinawaka na kuzima, chekundu. Kumbe gari halina ugonjwa, ila halinitambui.

Ufunguo wangu ni ule wa kielektroniki. Hauchomekwi popote, unakaa mfukoni na gari linausikia. Nikautoa mfukoni mwa baibui. Ulikuwa wa moto, nao ulinukia uunsi, udi wetu wa kufukizia nguo.

Hapo nikaona haya. Tangu eda yangu iishe, kila Ijumaa nikishaoga nalitundika baibui juu ya dabqaad, chetezo chetu cha udongo, lishike moshi wa uunsi. Na ufunguo huwa mfukoni humo humo. Nilikuwa naukaanga mwenyewe kila wiki! Ukipoa jioni unaamka, ndiyo maana Jumamosi hakuna shida.

Ningeweza kunyamaza, jini abebe lawama. Salah alikuwa ananitazama, karatasi ya mauzo iko tayari mkononi.

Nikakanyaga breki tena, nikaubandika ufunguo kwenye kitufe chenyewe, maana ndani ya ufunguo mna kidude kingine kisichotegemea betri yake, na kikiwa karibu hivyo gari linakisoma. Nikabonyeza. Gari likanguruma.

Bare akauliza ubovu ulikuwa wapi. Nikajibu kwa sauti, wenye madumu wote wasikie.

"Ufunguo nimeuchoma mimi kwa uunsi. Kosa ni langu."

Salah akatabasamu, akamgeukia Diriye kama mtu aliyeshinda kesi.

"Na gari ni langu," nikasema. "Shahidi ni wewe, Salah. Waambie watu hapa ndugu yako alisema nini."

Akatazama mchanga. Mzee Diriye akasema hanunui gari lenye mwenyewe. Halafu akazunguka, akafungua mlango wa mbele, akaniomba nimfikishe Wajir apate gari la kurudi Griftu. Nikamwambia aketi, karibu.

Salah bado alikuwa amesimama na karatasi yake. Nikamwambia aiweke mfukoni anipakilie madumu, maziwa hayasubiri.

Akapakia.